Maswali na Majibu: Mabehewa ya Milimita 45 Kwenye Reli ya Milimita 32

Swali: Mheshimiwa Mhariri, ninaishi Dresden, Ujerumani, na mara kwa mara huwapeleka wanangu Radebeul kupanda treni ya mvuke ya reli nyembamba. Kutokana na mapenzi hayo nilinunua mabehewa manne ya mfano ya LGB, chapa ya Kijerumani ya treni za mfano, ya mtindo wa jimbo letu la Saksonia, ambayo magurudumu yake ni ya reli ya milimita 45, yaani upana kati ya reli mbili za njia. Jirani yangu amejenga reli bustanini kwake, lakini yake ni ya milimita 32. Je, ninaweza kuyageuza mabehewa yangu yatembee kwake bila kuyaharibu? Na je, hayatakuwa kichekesho, kwa kuonekana mapana kupita kiasi juu ya reli nyembamba namna ile?

Jibu: Inawezekana, ndugu msomaji, na nianze na hofu yako ya mwisho, maana ndiyo inayowazuia wengi bila sababu. LGB, ambayo treni zake zilianza kuuzwa mwaka 1968, hutengeneza mabehewa yake mengi kwa kipimo kinachokaribia 1 kwa 22.5, yaani milimita 1 ya mfano ni milimita 22.5 za treni halisi, na yote huyaweka juu ya reli ya milimita 45, yawe yanaiga treni ya nchi gani. Ukizidisha 45 kwa 22.5 unapata milimita 1,012, yaani reli ya mita moja. Reli ya Radebeul hadi Radeburg, iliyofunguliwa mwaka 1884, ina upana wa milimita 750, ambao kwa kipimo hicho ungekuwa milimita 33 na kidogo. Kwa hiyo behewa lako linaposimama juu ya milimita 45 linakosea kwa zaidi ya robo mita ya reli halisi, ilhali juu ya milimita 32 litakosea kwa sentimita 3 tu. Ule mwonekano wa behewa pana lililokalia reli nyembamba ndio hasa unaouona Radebeul ukisimama nyuma ya treni. Viwango vya NEM, vya treni za mfano za Ulaya, vinautambua mpangilio huu na kuuita IIe.

Sasa tuje kwenye kazi yenyewe. Fungua zile bogi mbili, yaani fremu ndogo za magurudumu zilizo chini ya behewa, kila moja ikiwa na ekseli zake mbili, kisha uzitoe ekseli bila kulazimisha, kwa sababu plastiki ya zamani huvunjika kwenye masikio yanayoishika ekseli. Usianze kwa kupima reli. Kipimo kinachoamua kila kitu ni umbali kati ya migongo ya magurudumu mawili ya ekseli moja, yaani pande zinazotazamana. Kwa reli ya milimita 45 umbali huo huwa karibu milimita 40. Kwa reli ya milimita 32 ya bustanini huwa karibu milimita 28. Mahali njia inapogawanyika pana reli fupi za ulinzi ambazo huukamata mgongo wa gurudumu moja ili jenzake lisiingie upande usio wake. Migongo ikikaribiana mno, magurudumu hubana na kupanda juu ya reli hizo za ulinzi. Ikiachana mno, reli ya ulinzi haikamati kitu, na ukingo wa gurudumu la pili hugonga ile ncha ambapo reli mbili zinakutana, behewa likaruka. Behewa lililopimwa vibaya linaweza kutembea kutwa nzima kwenye njia iliyonyooka bila kukuonyesha kosa lolote.

Ziko njia mbili. Ya kwanza ni kununua ekseli zilizo tayari kwa reli ya milimita 32. Ni rahisi, lakini mara nyingi ekseli hizo ni fupi kuliko zako, na ncha zake hazifiki kwenye vikombe vya bogi iliyotengenezwa kwa milimita 45, hivyo utalazimika kujaza bushi, yaani vijirija vya kuziba nafasi, au kubadilisha bogi nzima. Ya pili, ambayo mimi huipendekeza kwa mabehewa kama yako, ni kubaki na ekseli zilezile na kuyasogeza magurudumu ndani, kila moja kwa milimita 6, ili bogi isiguswe hata kidogo na siku ukitaka kuyarudisha mabehewa kwenye milimita 45 uweze.

Chukua kipande cha chuma bapa, ukikate na kukipiga tupa mpaka kiwe milimita 28 kamili, ukikihakikisha kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia unene. Hicho ndicho kitakuwa hakimu wako. Ling'oe gurudumu kwa pula ndogo, kifaa cha skrubu cha kuvutia magurudumu, si kwa nyundo, kwa kuwa nyundo hupinda ekseli kwa kiasi ambacho jicho halikioni lakini behewa hukihisi. Ukilitoa utaona kwenye ekseli sehemu yenye mikwaruzo midogo kama meno, ambayo ndiyo ililishika gurudumu lisizunguke. Gurudumu likisogezwa ndani linaiacha sehemu hiyo na kukaa juu ya chuma laini, ambako litateleza. Hivyo piga msasa kidogo mahali papya, safisha mafuta kwa spiriti, kisha kata mrija utakaovaa ekseli katikati ya magurudumu ili yasiweze kukaribiana kupita kipimo, na uyashikilie kwa tone la gundi ile mafundi wanayoitumia kukazia beringi. Kama gurudumu ni la plastiki, jaribu gundi hiyo kwanza mahali pasipoonekana, kwa kuwa baadhi huifanya plastiki ipasuke. Urefu wa mrija si lazima uwe milimita 28: mrija hugusa kitovu cha gurudumu, na vitovu vingine vimejitokeza nje ya mgongo, vingine vimezama. Magurudumu yakiwa ya chuma, mrija uwe wa plastiki. Jirani yako akiendesha treni kwa umeme unaopita kwenye reli, mrija wa shaba utaziunganisha reli mbili na kupiga shoti pale pale.

Kabla gundi haijakauka, viringisha ekseli juu ya kioo cha dirisha na uangalie kama gurudumu linayumba. Baada ya hapo rudisha ekseli na ugeuze behewa juu chini. Magurudumu sasa yamehamia mahali ambapo kiwanda hakikutarajia, kwa hiyo zungusha bogi kushoto na kulia mpaka mwisho na utazame kama ukingo wa gurudumu unagusa mkono wa kiunganishi, skrubu za sakafu au mbavu za bogi. Panapogusa, punguza plastiki kwa tupa, kidogo kidogo. Breki za bandia, ambazo zamani zilikaa mkabala na magurudumu, sasa zitaning'inia nje yake. Anayejali sura atazikata na kuzibandika upya ndani, asiyejali atayaachia majani ya bustani yazifiche.

Swali: Ninaandika kutoka Birmingham. Nimekwisha kuyageuza mabehewa matatu kuwa ya milimita 32 na vipimo vyote viko sawa, lakini yanapinduka kwenye kona, hasa lile la katikati. Rafiki yangu ananishauri nikate behewa katikati kwa urefu na kulipunguza upana. Unasemaje?

Jibu: Weka msumeno chini, ndugu yangu. Hapo Uingereza, kampuni ya Great Western ilipoachana kabisa na reli yake pana ya takriban milimita 2,140 mwezi Mei 1892, baadhi ya mabehewa yake yalikuwa yamejengwa mapema yakiwa tayari kubadilishiwa magurudumu tu, na karakana ya Swindon ilijazwa njia za kuegesha mabehewa na injini zilizosubiri zamu. Upana wa behewa lako si ugonjwa. Ugonjwa ni uzito ulio juu.

Tuseme kitovu cha uzito wa behewa kiko milimita 60 juu ya reli. Kwenye reli ya milimita 45 behewa hilo huweza kuinama takriban nyuzi 20 kabla ya kuanguka, lakini kwenye milimita 32 huanguka likifika nyuzi 15. Ukikishusha kitovu hicho hadi milimita 45, unarudi kwenye nyuzi 19 na nusu, karibu pale pale ulipokuwa mwanzo. Basi hamisha betri ya taa kutoka darini kwenda sakafuni, na ubandike vipande vya chuma au risasi juu ya bogi, chini kabisa ya viti. Ukitumia risasi, nawa mikono na uwaweke watoto mbali nayo.

Kisha kaza bogi moja kiasi kwamba iweze kugeuka na kuinamia mbele na nyuma tu, bila kuyumba kwa upande, na ile nyingine uiache huru kabisa. Behewa litakuwa limekaa kama kigoda cha miguu mitatu, na magurudumu yote yatagusa reli hata pale njia ilipodidimia. Na sababu ya lile la katikati kuanguka zaidi huenda ikawa hii: injini inapovuta kwenye kona kali, mvuto hupita njia ya mkato na kulivuta behewa jepesi kuelekea ndani ya kona. Weka zito mbele, jepesi nyuma.

Swali: Niko Voi, Kenya. Nataka kutengeneza mfano wa treni ya zamani ya Kenya na Uganda kwa mabehewa ya kipimo cha 1 kwa 22.5. Je, nami niyapunguze kuwa milimita 32?

Jibu: Hapana. Reli iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 ina upana wa mita moja, na mita moja ikigawanywa kwa 22.5 ni milimita 44.4. Wewe ndiye mtu ambaye reli ya milimita 45 ilimfaa tangu dukani. Hata zile injini kubwa 34 za daraja la 59 zilizotengenezwa na Beyer Peacock mwaka 1955 na 1956, ambazo unaweza kuziona mbili katika Jumba la Makumbusho ya Reli jijini Nairobi, zilibuniwa ili ikibidi zipanuliwe kufikia milimita 1,067, si kupunguzwa. Ikiwa tayari umenunua magurudumu ya milimita 32, yatumie kwa toroli za mashamba ya mkonge, zilizotembea kwenye reli za karibu milimita 600. Kwa hizo kipimo kinachofaa ni 1 kwa 19, kwa hiyo usizichanganye na mabehewa yako kwenye treni moja, bali uzijengee njia yake pembeni, na stesheni ndogo ya kuhamishia mizigo.