Hiyo hoja usiibandike kwenye kundi la familia

Simama hapo hapo. Usitume.

Nimeisoma habari yako mara mbili. Dada yako mkubwa kahama dhehebu, kahama na chama, kila siku anawatumia mahubiri na ujumbe wa kampeni. Wewe umeshakusanya ushahidi wako, na Jumapili usiku unataka kuubandika kwenye kundi la familia "ili wote waone". Unauliza ubishane naye vipi bila kuudhiana, na ufanyeje moyo usikuume mama anapokwambia umepotea. Hayo maneno matatu, ili wote waone, ndiyo yaliyonifanya niweke kazi pembeni nikuandikie. Niliwahi kuyasema hayo hayo, yakanikosesha baba yangu mdogo miaka 4.

Baba mdogo ndiye aliyenilea tangu nikiwa na miaka 9. Kipindi kimoja cha uchaguzi alituma kwenye kundi letu, lenye watu 31, ujumbe wa sauti wa dakika 6. Mtu asiyejulikana anasema kura zitafutwa kwa kompyuta, na muumini atakayempigia fulani ameisaliti imani yake. Nikausikiliza mara tatu, damu ikachemka. Nikakaa kuanzia saa 2 usiku hadi saa 5, nikaandika jumbe 14, kila ujumbe na namba yake. Picha za skrini, utaratibu wa kuhesabu kura hatua kwa hatua, mpaka aya tatu za kitabu chake kitakatifu ambazo niliona zinampinga. Mwishoni kabisa nikaweka emoji ya kucheka hadi machozi.

Binamu zangu wakaanza kugonga dole gumba. Mmoja akaandika, "Leo mzee kapatikana." Baada ya muda baba mdogo akajibu: "Asante mwanangu, nimekuelewa." Kisha ukatokea ule mstari mdogo wa kijivu unaosema fulani ameondoka. Nikalala nikijiona mshindi.

Hakunitukana wala hakunisema vibaya kwa mtu. Aliacha tu kupokea simu yangu. Mtoto wangu wa kwanza alipozaliwa, dua zake zilinifikia kupitia mama mdogo. Hebu fikiria hilo: mtu aliyekufundisha kufunga kamba za viatu, anamwombea mwanao heri kwa kupitishia kwa mtu mwingine.

Kilichotokea usiku ule nilikuja kusimuliwa na binti yake, na mpaka leo kinaniuma kuliko yote. Walikuwa sebuleni, yeye, mkewe na watoto watatu. Kila mmoja na simu yake mkononi. Jumbe zangu zikawa zinaingia moja baada ya nyingine, simu tano zinalia kwa pamoja, mara 14. Wote wanasoma, hakuna anayeinua kichwa. Baba mdogo alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena, akaendelea kusoma mpaka ile emoji. Halafu akaaga, akaenda kulala.

Na kuna jambo lingine. Chini ya ile sauti alikuwa ameandika, "Jamani, hili lina ukweli?" Alikuwa ANAULIZA. Sikuliona swali lake, kwa sababu nilipoanza kuisikiliza ile sauti nilikuwa tayari natafuta jibu la kumwangusha.

Sasa kuna mtu namlaumu, na sitamung'unya maneno. Nilikuwa nafuatilia masomo ya video ya jamaa mmoja aliyekuwa akifundisha mdahalo. Somo lake la kwanza lilisema usiongee na mpinzani wako, ongea na ukumbi, maana ukumbi ndio unaotoa ushindi. Kwenye mashindano ni kweli, kuna waamuzi, kuna alama, na mkimaliza mnapeana mikono kila mtu anaenda kwao. Lakini yeye alituambia tuubebe mtindo huo mpaka nyumbani, eti ukinyamaza mbele ya ndugu zako uongo umeshinda. Nyumbani hakuna waamuzi, kuna watu watakaozikana. Alitufundisha vijana wengi sana kuwageuza wazazi wetu wapinzani wa jukwaani, na hakuwahi kusema hata siku moja nini kinafuata.

Nilipokwisha kuharibu nikakutana na waliopotoka upande wa pili, wanaosema ushahidi haufai kitu, kwamba ukimsahihisha mtu ndiyo kwanza anazidi kukomaa. Hilo nalo usilibebe. Mwaka 2010 watafiti Nyhan na Reifler walichapisha majaribio ambayo katika baadhi yake watu waliosahihishwa walizidi kushikilia kosa, na habari ikaenea kila mahali. Mwaka 2019 Wood na Porter wakatoa utafiti wao, watu zaidi ya 10,000, masuala 52, na hali ile karibu hawakuiona kabisa. Wengi waliposahihishwa walielekea kwenye ukweli. Kwa hiyo ushahidi wako unaweza ukawa mzuri, na wangu ulikuwa mzuri. Kilichoniharibia ni wale watu wengine 29 waliokuwa wanatazama. Mtu anaweza kukubali kwamba kakosea kuhusu kura. Kukubali kwamba kapatikana mbele ya wanawe ni mzigo mwingine kabisa, na hapo atashika lolote la kujisitiri.

Ndiyo maana nina sharti moja tu, na nalishika kwa kila ndugu: watu wawili, wa tatu hayupo. Siasa na dini sizigusi kwenye kundi hata nikichokozwa. Najibu salamu, basi. Nikiona jambo linanikereketa nampigia mhusika, au namfuata. Simu haiwekwi kwenye spika. Mama hakai chumba cha pili akisikiliza. Tulichoongea sikipigi picha kumtumia binamu. Mtu akiingia katikati ya mazungumzo nabadilisha habari palepale, hata kama nilikuwa nakaribia kueleweka. Hili la mwisho ndilo gumu, litakukaba koo mara nyingi, lakini usilivunje.

Mkiwa wawili, rudia kwanza alichosema kwa maneno yako mpaka yeye mwenyewe aseme "naam, ndivyo." Mimi mara nyingi huwa nakosea mara mbili kabla sijapata. Kwenye siasa usimuulize kwa nini anaunga mkono jambo fulani, kwa sababu sababu anazo na atakumiminia zote. Muulize litafanyaje kazi, hatua kwa hatua. Fernbach na wenzake walilijaribu hili mwaka 2013: walioombwa kueleza namna sera inavyofanya kazi walilegeza misimamo yao, walioombwa sababu walibaki palepale. Nawe ujiulize hivyo hivyo kuhusu chama chako, utashangaa unaishiwa maneno upesi kiasi gani.

Kwenye dini swali hilo usilipeleke, imani si sera. Mwombe akusimulie ilimwanziaje. Dada yako hakuhama dhehebu kwa sababu ya aya moja, kuna kitu kilimpata, na nina hakika katika hiyo familia yote hakuna aliyemuuliza. Wote mnamtumia aya.

Baba mdogo nilimfuata mwenyewe, bila kumwambia mtu. Tulikaa wawili. Niliomba radhi kwa zile jumbe 14 na kwa ile emoji, nikaitaja kabisa, na sikutetea hata neno moja. Alinyamaza muda mrefu. Kisha akasema, "Ya kura ulikuwa sahihi. Nilijua usiku ule ule." Akaongeza, "Lakini wanangu walikuwa wamekaa pale."

Siku hizi tunaongea siasa kwenye simu, dakika 40 zinakatika hivi hivi, na mara nyingi hatukubaliani. Kwenye kundi hajarudi, na sijamwomba arudi.

Sasa hiyo rasimu yako ifute, usiihifadhi popote, maana ukiihifadhi utaituma siku ukiwa na hasira. Leo, kabla ya Jumapili, mpigie dada yako, uhakikishe yuko peke yake. Muulize ilikuwaje mpaka akahama. Akianza kusimulia, usimkatishe.