Kiuno, mashine ya makasia na nambari 7

SWALI: Daktari, hujambo? Mimi ni mwalimu wa sekondari, umri miaka 44. Nilikuwa Nakuru, nikahamishiwa Kisumu. Kule Nakuru nilianza mashine ya kupiga makasia kwa sababu magoti yangu hayawezani na kukimbia, na sikupata shida yoyote. Hapa Kisumu nafika jimu saa kumi na moja na nusu alfajiri, dakika ishirini tu baada ya kuamka. Naweka wenzo kwenye nambari 7 kama zamani na kupiga dakika 40 mfululizo. Sasa ni wiki sita kiuno kinaniuma upande wa kulia, hasa ninapoinuka baada ya kusahihisha vitabu. Picha ya MRI inasema diski, yaani mto laini kati ya pingili mbili za mwisho za kiuno (L4 na L5), imetokeza kidogo. Mwenzangu mmoja ananiambia niachane na mashine kabisa, mwingine ninunue mkanda wa mgongo. Mbona wavuvi wa Dunga, hapa ziwani, wanapiga makasia tangu utotoni na hawalalamiki? Nifanyeje?

JIBU: Sijambo, Mwalimu, na pole. (Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, si daktari, lakini nimechoka kuwasahihisha watu.)

Kwanza nikuulize mambo ambayo hukuyataja. Je, una ganzi mahali unapokalia au sehemu za siri? Mkojo au haja kubwa inakuponyoka, au mkojo unakataa kutoka? Ukijaribu kutembea kwa visigino, unyayo mmoja unaanguka? Ukijibu ndiyo kwa lolote kati ya hayo, weka gazeti chini uende hospitali leo, wala usingoje kesho. Maumivu yakiandamana na homa, au unakonda bila sababu, au yanakuamsha usiku na hakuna mkao unaoyatuliza, basi muone daktari kabla ya kugusa mashine tena. Yote yakiwa hapana, tuendelee.

Hiyo picha isikunyime usingizi. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa mwaka 2015 yalikusanya picha za watu wasio na maumivu yoyote ya mgongo. Katika wenye miaka 20, asilimia 30 walikuwa na diski iliyotokeza. Katika wenye miaka 40, asilimia 50. Maana yake, ukiwapiga picha walimu wenzako wa rika lako ambao migongo yao haina neno, huenda nusu yao wakaletewa ripoti kama yako. Diski yako inaweza kuwa inahusika, inaweza isihusike. Mimi inanishughulisha zaidi namna unavyoitumia.

Kuhusu wavuvi, hapo umechanganya makasia na makafi. Mvuvi wa Dunga anakaa akitazama mbele, ameshika kafi kwa mikono miwili na kuchota maji nalo kando ya mtumbwi; kiwiliwili kinazunguka kidogo na miguu haisogei. Mashine yako inaiga mashua ya mbio, ambamo mpigaji hutazama nyuma, kiti kinateleza, na nguvu nyingi hutoka mapajani. Ni kazi mbili tofauti kwa kiuno. Na eti hawalalamiki? Wanakuja kwangu, tena wengi wao, ila kinachowaleta ni kuvuta nyavu.

Sasa wewe. Naona mambo matatu yaliyokutana.

La kwanza ni saa. Usiku ukiwa umelala, diski hunyonya maji na kuvimba. Ndiyo sababu asubuhi mtu huwa mrefu kidogo kuliko jioni. Diski iliyojaa hivyo haipendi kukunjwa, na saa ya kwanza baada ya kuamka ndiyo mbaya zaidi. Wewe unaamka, unapanda boda, na kabla chai haijapoa unakunja kiuno mara mamia. Hamishia zoezi jioni. Ikishindikana, amka mapema, tembea na kufanya shughuli za nyumbani za kusimama kwa saa nzima kabla ya kukalia mashine.

La pili ni ile nambari 7, na hapa kuna jambo ambalo wakufunzi wengi wa jimu hawalijui. Katika mashine ya feni, wenzo wa 1 hadi 10 si kipimo cha nguvu zako. Kazi yake ni kufungua tundu la kupitisha hewa kwenye feni. Hewa ikiingia nyingi, feni hupunguza mwendo haraka, na kila mvuto unakuwa kama kuondoa mashua nzito iliyosimama. Nakuru iko takriban mita 1,850 juu ya usawa wa bahari. Kisumu ni kama mita 1,130. Hewa ya huku chini ni nzito zaidi, kwa hiyo 7 ya Kisumu ina uzito kuliko 7 uliyoizoea. Tofauti si kubwa, lakini kiuno kinaihesabu. Halafu kuna vumbi: feni iliyoziba hupitisha hewa kidogo, kwa hiyo hata mashine mbili zilizo bega kwa bega zinaweza kutofautiana kwenye nambari ileile. Baadhi ya skrini zina sehemu ya kuonyesha ukinzani halisi wa feni (kwa Kiingereza drag factor); mwombe mkufunzi akuonyeshe. Watu wenye kiuno kama chako mimi huwaanzishia karibu na 100 kwa kipimo hicho. Kama skrini haionyeshi, weka wenzo kwenye 3 na usione haya.

La tatu ndilo kubwa, nalo hutokea pale mbele, mwanzo wa mvuto: magoti yamekunjwa, mikono imenyooka, kiti kiko karibu na visigino. Ili ufike hapo salama, fupanyonga linapaswa kuinamia mbele, yaani ukunjike kwenye nyonga. Mtu anayeshinda kitini, misuli ya nyuma ya paja ikiwa imekaza, fupanyonga lake linakataa kuinama. Mikono bado inataka kufika mbele, kwa hiyo kiuno kinaombwa kukopesha mkunjo. Mgongo unakuwa upinde, na papo hapo miguu inasukuma kwa nguvu zote kupitia upinde huo. Ukipiga mara 24 kwa dakika kwa dakika 40, hizo ni mara 960. Na kadiri unavyochoka ndivyo upinde unavyozidi. Hilo limepimwa kwa wapiga makasia wenyewe, na vipindi virefu vya zaidi ya nusu saa mfululizo vimehusishwa na maumivu ya kiuno kwao.

Jipime nyumbani. Chukua mpini wa ufagio, uweke wima mgongoni uguse kisogo, katikati ya mabega, na mfupa wa juu ya matako. Legeza magoti kidogo, kisha sukuma matako nyuma kama unayefunga mlango wa gari kwa makalio huku umebeba mizigo. Mpini ukibanduka mahali popote kati ya hapo patatu, umekunja kiuno badala ya nyonga. Rudia kumikumi kila siku mpaka mpini utulie.

Kwenye mashine, teremsha kibao cha miguu tundu moja au mawili. Miguu ikiwa chini, nyonga hupata nafasi. Usilazimishe kufika mbele kabisa. Ishia pale mgongo unapoanza kupinda, hata mvuto ukiwa mfupi kuliko wa jirani yako. Sukuma kwa miguu kwanza, ndipo kiwiliwili kifuate, mikono mwisho. Wakati wa kurudi geuza: mikono itangulie, kiwiliwili kiiname, magoti yapande baada ya mpini wa mashine kuyapita. Wengi huinua magoti mapema, mpini ukagonga, na mgongo ukajikunja ili kuukwepa. Rudi polepole, muda kama mara mbili ya kuvuta.

Anza na dakika 3 mara nne, mipigo 18 hadi 20 kwa dakika. Baina ya kila awamu inuka utembee dakika mbili. Fanya siku moja, pumzika siku moja. Maumivu yakibaki chini ya 3 kwa kipimo cha 10 na asubuhi yamerudi yalivyokuwa, wiki inayofuata ongeza dakika moja kwa kila awamu. Yakianza kuteremka kwenye tako na mguu, acha siku hiyo na upunguze. Na usimeze dawa ya maumivu kabla ya zoezi: utakuwa umemfunga mdomo shahidi pekee uliye naye.

Mkanda usinunue. Hautakufundisha kukunja nyonga, na pesa hiyo itatosha kumwona mtaalamu mara moja au mbili.

Baada ya wiki tatu mwombe mtu akuchukue video kutoka ubavuni, sekunde 30 tu, lakini katika awamu ya mwisho ukiwa umechoka. Za mwanzo kila mtu anapendeza. Nitumie hiyo, nikitazama kiuno chako pale mbele nitakuambia kama uongeze au urudi kwenye ufagio.