Jibu: Valvu ya kisu inavuja shingoni na haifungi hadi mwisho

Ndugu, kwa ulivyoeleza, valvu kwenye bomba la tope la mawese inatoa matone shingoni, haifungi vizuri, na huwa mnaiacha nusu kupunguza mtiririko. Hiyo nusu ndiyo inayowamaliza. Kisu, yaani bamba la valvu linaloziba bomba, ni cha kufungua chote au kufunga chote. Kikibaki katikati, tope hupita kwa kasi pale kwenye ncha, likaila ncha na siti (kikalio cha kisu kinapofunga).

Matone ya shingoni ni pakingi, yaani kamba ya kuziba uvujaji kuzunguka kisu. Kaza nati za glandi (kibanio cha pakingi) robo mzunguko, moja huku, nyingine ng'ambo, hadi yakome. Basi, usizidishe, pakingi ikibana mno kisu kinakuwa kizito. Sisi hapa Kigoma kijana alichomeka bomba kwenye usukani wa valvu apate nguvu, shina (fimbo inayopandisha na kushusha kisu) likapinda kama upinde.

Kutofunga, nashuku mawese yaliyoganda chini, kisu kinapokaa. Kama ina vitundu vya kusafishia, pitisha maji ya moto, kisha fungua na kufunga taratibu mara kadhaa. Shina lipake grisi.

Kutoa pakingi? Zima pampu, piga kufuli swichi, toa presha yote kwanza. Halafu tazama mshale wa mwelekeo wa mtiririko ubavuni mwa valvu: umeelekea wapi?