Maswali ya ziwani: jua la Mei lisikudanganye

Tangu barafu iyeyuke Nokomis, maswali hayakomi. Nokomis, kwa asiyelijua, ni ziwa dogo kusini mwa jiji la Minneapolis, jimbo la Minnesota, Marekani, lina fukwe mbili na kina cha mita 10 hivi panapozidi. Jina lake kwa Kiojibwe ni "bibi yangu". Vipimo nimevitoa kwa selsiasi. Miaka yote hii Minnesota, kichwa changu bado kinahesabu kwa selsiasi.

Jumamosi hewa ilifika nyuzi 30. Wanangu wakakimbilia majini, dakika mbili hazijaisha wakatoka wanalia, midomo imebadilika rangi. Hili ziwa lina nini? (Mama wa watatu, Brooklyn Park)

Dada, ziwa halina neno. Wewe ulipima hewa, wao wakaingia majini. Hewa ya huku yaweza kupanda nyuzi 15 kwa siku mbili, lakini maji hayana papara hiyo. Barafu kwenye maziwa ya mjini huondoka mara nyingi mwanzoni au katikati ya Aprili, na wakati huo maji yako kwenye nyuzi 4 hivi. Kutoka hapo hupanda kidogo kidogo: Mei kwa kawaida yako kati ya 10 na 17, Juni hukaribia au kuvuka 20, Julai hufika 24 hadi 27. Bahari ya Mombasa, hata wakati wa kusi, huwa 25 hivi. Kwa hiyo maji tunayoyaita ya kawaida nyumbani, huku ni ya wiki chache za katikati ya kiangazi.

Na baridi ya maji si kama ya hewa. Maji hunyonya joto la mwili mara 25 hivi kuliko hewa ya nyuzi zilezile. Profesa Gordon Giesbrecht wa Chuo Kikuu cha Manitoba, jirani zetu wa kaskazini, hufundisha hesabu rahisi ya maji ya barafu: dakika 1, dakika 10, saa 1. Dakika ya kwanza unahema ovyo bila hiari yako, na ukihema kichwa kikiwa chini unameza maji. Dakika 10 zinazofuata mikono na miguu bado inakutii, kisha inalegea. Kupoteza fahamu kwa kupoa mwili huchukua kama saa nzima. Ndiyo maana wengi huzama kabla hawajapoa kiasi hicho, hata waogeleaji hodari.

Mei, basi, wacheze mchangani na maji yaishie magotini. Asiruke mtu kutoka gatini. Mkipanda mtumbwi, vaeni majaketi okozi nyote. Sheria ya Minnesota inamlazimisha mtoto wa chini ya miaka 10 chombo kinapokwenda, lakini maji hayaulizi umri. Ukianguka, usianze kupiga mikono. Elea, tafuta pumzi yako kwanza, ndipo uogelee.

Kipimajoto kinasoma 68. Twende au tusiende? (Richfield)

Hiyo ni Farenhaiti. Toa 32, gawanya kwa 1.8, unapata 20. Mtu mzima ataogelea robo saa akafurahi. Mtoto mdogo atatetemeka mapema. Kipimo changu mwenyewe: chini ya 15 siingii bila nguo ya mpira, na wanafunzi wangu wadogo nawasubirisha hadi 22. Ila angalia umepimia wapi. Maji ya juu, pale yanapogusa mchanga wenye jua, ni mwongo mkubwa. Funga kipimajoto kwa kamba, kizame hadi kimo cha kiuno, hesabu dakika mbili.

Mwanangu, mimi nimekulia Ukerewe na kichocho nakijua. Juzi mjukuu katoka ziwani na vipele miguu mizima. Kimenifuata hadi huku? (Babu, St. Paul)

Shikamoo mzee. Hakijakufuata. Kichocho cha binadamu kinahitaji konokono wa aina maalumu, na hao hawapo kwenye maziwa haya. Lakini kina ndugu yake. Bata na ndege wengine wa majini wana vimelea vyao vinavyopitia konokono wa huku. Vikimtafuta bata vikakutana na mguu wa mjukuu, huingia kwenye ngozi na kufia humohumo. Mwasho wake ni balaa, ila huisha wenyewe ndani ya wiki moja hivi na hauambukizi mwenzake. Asijikune, mpake dawa ya kutuliza mwasho. Safari ijayo asikae kwenye maji ya kina kifupi yenye magugu, na akitoka tu afutwe kwa taulo kwa nguvu, asiachwe akaukie juani.

Ruba wapo, ndiyo. Mamba na kiboko hakuna, nawajibu wote waliouliza.

Bde Maka Ska mwezi wa Julai: juu vuguvugu, nikizamia kidogo ni friji. Kwa nini?

Kwa sababu maji ya moto ni mepesi, hukaa juu, na upepo huyachanganya mita chache tu. Bde Maka Ska, ziwa jingine la Minneapolis, lina kina cha mita 27 hivi, kwa hiyo chini kuna ubaridi uliosalia tangu masika ya huku. Maji huwa mazito kupita yote yakiwa nyuzi 4. Ndiyo maana majira ya baridi mambo hugeuka: barafu huelea juu, na samaki hukaa chini kwenye yale ya 4. Nokomis, kwa kuwa ni fupi kwa kina, hupata joto mapema na kuganda mapema.

Agosti maji yanakuwa kijani kama rangi ya ukutani. Tuogelee?

Hapana. Mvua hukokota fosforasi kutoka mitaani na bustanini, joto likazidi, mwani wa bluu-kijani unafumuka, na aina nyingine zake zina sumu. Mbwa wameshakufa kwa kunywa maji hayo. Idara ya bustani za jiji hupima bakteria kila wiki wakati wa msimu na kufunga ufukwe ikibidi. Soma ubao kabla ya kuvua viatu. Baada ya mvua kubwa mimi hungoja siku nzima.

Wanangu hawapo hadi Septemba. Tumeshachelewa?

Wala. Maji yanavyochelewa kupata moto ndivyo yanavyochelewa kupoa. Mwanzo wa Septemba mara nyingi ni mzuri kuliko mwanzo wa Juni, na ufukwe hauna watu. Tatizo ni kwamba waokoaji huwa wameshaondoka, kwa hiyo mtu mzima mmoja abaki nchi kavu, macho majini, simu mfukoni.

Na Januari? Rafiki zangu wanatoboa barafu wanatumbukia, kisha sauna. (Kijana, Hopkins)

Kwanza barafu yenyewe ikubebe: sentimita 10 za barafu ngumu inayopitisha mwanga kwa mtu wa miguu, na mara mbili yake ikiwa nyeupe. Mwenye ugonjwa wa moyo asijaribu. Usiende peke yako, ingia kwa ngazi, usizamishe kichwa, dakika moja inatosha. Mimi nimealikwa mara tatu. Nilishika taulo.