Matundu mawili kwenye tyubu

SWALI: Nakaa Tegeta. Jumamosi hubeba baiskeli kwenye gari hadi Bagamoyo, kisha naendesha njia ya vumbi kwenda magofu ya Kaole. Kwenye mchanga natoa upepo, lakini tyubu imepasuka mara mbili, kila mara matundu mawili sambamba. Ni miiba? Tairi ni inchi 26 kwa 1.95, nami nina kilo 75.

JIBU: Si miiba, ndugu msomaji. Mwiba hutoboa tundu moja. Mawili sambamba maana yake rimu imeibana tyubu dhidi ya jiwe: upepo ulikuwa mdogo. Kutoa upepo mchangani ni sahihi; kosa ni kutoujaza tena ukifika kwenye changarawe. Anza na psi (kipimo cha upepo) 35 mbele, 40 nyuma kwa kuwa nyuma hubeba uzito zaidi. Mchangani shuka hadi 25, gia nyepesi, usikate kona ghafla. Beba pampu yenye geji. Kubonyeza kwa kidole hudanganya.

Kiraka: kwaruza kwa msasa, paka gundi, ngoja ikauke (haraka ndiyo hukiambua), kisha kandamiza. Na ukifika Kaole, egemeza baiskeli mtini, si kwenye makaburi ya matumbawe.