Mfamasia Anajibu: Asali, Kitunguu Saumu na Unga Usio na Jina

Barua nyingi za wasomaji safari hii zinahusu mitishamba, nami nimezitanguliza zile ambazo kuchelewa kuzijibu kunaweza kumletea mtu madhara. Mitishamba naiheshimu. Kwinini ilitolewa katika gome la mti wa sinkona mwaka 1820, na aspirini ina asili yake katika gome la mti wa willow. Kwa kuwa mimea ina nguvu ya dawa, nitaijibia kama ninavyojibia dawa yoyote inayopita mikononi mwangu, yaani nitauliza ni sehemu gani ya mmea inayotumika, kwa kiasi gani, anaitumia nani, na ndani ya mwili wake mna dawa gani nyingine.

Swali: Mwanangu ana miezi minane na kikohozi kinamnyima usingizi. Mama mkwe ananihimiza nimpe kijiko cha asali iliyochemshwa pamoja na limau, akisema kuchemsha kunaondoa ubaya wote. Sipendi kumvunjia heshima, lakini nina wasiwasi. Nifanyeje?
*Mama wa mtoto mchanga*

Jibu: Dada yangu, usimpe. Mtoto ambaye hajatimiza miezi 12 hapewi asali ya aina yoyote, iwe mbichi, iliyochemshwa, au ya kupakwa kwenye chuchu ya kunyonyea. Asali inaweza kubeba spora, yaani mbegu ndogo ngumu, za bakteria aitwaye Clostridium botulinum. Utumbo wa mtu mzima huzishinda bila yeye kujua, lakini katika utumbo wa mtoto mchanga spora hizo huweza kuchipua na kutoa sumu inayolegeza misuli. Mtoto huanza kwa kufunga choo, kisha kilio chake hufifia, hunyonya kwa udhaifu, shingo hulegea, na mwisho misuli ya kupumua huweza kushindwa kazi. Kuchemsha jikoni hakusaidii, kwa sababu spora hizo huhimili joto la maji yanayochemka. Mweleze mama mkwe jambo hili kwa upole, na umwambie pia kwamba kuhusu asali yenyewe hakukosea: kwa mtoto aliyepita mwaka mmoja, nusu kijiko hadi kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha mafua, nami huishauri kuliko dawa nyingi za maji za kikohozi.

Kwa huyu wa miezi minane, mnyonyeshe mara kwa mara, na pua ikiziba tumia matone ya maji ya chumvi yaliyotengenezwa kwa ajili ya watoto. Usimfukize kwa mvuke wa majani ya mkaratusi, kwani watoto wengi huungua kwa maji ya moto ya kufukizia, na mafuta ya mkaratusi yakimezwa ni sumu. Kisha mfunue kifua akiwa ametulia na uhesabu pumzi zake kwa dakika nzima. Zikifika 50 au zaidi, au ukiona nyama ya chini ya mbavu inaingia ndani anapovuta hewa, au akikataa kunyonya, mpeleke hospitali wakati huohuo bila kungoja asubuhi.

Swali: Nina umri wa miaka 61. Baada ya kutumia vidonge vya presha kwa muda mrefu nimeamua kuviacha, na sasa natafuna punje tatu za kitunguu saumu kila asubuhi. Najisikia vizuri kuliko zamani. Nimebakiza kidonge kidogo cha aspirini tu. Mwanangu ananilaumu, lakini mimi sioni kosa.
*Mzee mstaafu*

Jibu: Mzee wangu, shikamoo. Naomba ukapimwe presha leo, kisha uonane na daktari wako ndani ya wiki hii, kwa sababu kujisikia vizuri hakuonyeshi hali ya presha. Ugonjwa huu huharibu mishipa ya ubongo, moyo na figo kwa miaka mingi pasipo kuuma mahali popote, na wengi huutambua siku wanapopatwa na kiharusi. Yawezekana kabisa kwamba unajisikia vizuri kwa kuwa maudhi ya vile vidonge yameondoka. Kama vilikuwa vinakuletea kizunguzungu, kikohozi kikavu au miguu kuvimba, mwambie daktari waziwazi, kwani aina za dawa za presha ni nyingi na akiyajua maudhi yako atakubadilishia.

Kitunguu saumu chenyewe nakitetea. Ndani ya punje nzima mna kiambata kiitwacho aliini na kimeng'enya kiitwacho alinasi, ambavyo vimetengwa visikutane. Unapoiponda au kuitafuna, vinakutana na kuzalisha alisini, ambayo ndiyo yenye ile harufu kali na ambayo huleta sehemu kubwa ya faida. Punje inayotumbukizwa nzima katika maji yanayochemka hupoteza nguvu nyingi, maana joto hukiharibu kimeng'enya kabla hakijafanya kazi. Anayetaka faida yake huiponda, huiacha kwa takriban dakika 10, ndipo anaila au kuipika. Majaribio yaliyofanywa kwa watu wenye presha ya juu yameonyesha kuwa kukitumia kila siku kwa wiki kadhaa hushusha ile namba ya juu kwa wastani usiofika 10. Ni msaada wa kweli, lakini uangalie ukubwa wake: mtu mwenye 172 atabaki amezidi 160, na daktari anataka awe chini ya 140. Basi kitunguu saumu kiandamane na vidonge vya presha, kisishike nafasi yavyo.

Jambo linalonitia hofu zaidi ni hiyo aspirini. Aspirini hupunguza uwezo wa damu kuganda, na kitunguu saumu kwa wingi hufanya hivyohivyo, kwa hiyo vikitumika pamoja huongeza hatari ya kutokwa na damu, hasa tumboni. Kiasi kinachotiwa kwenye mboga hakina shaka. Nasemea punje mbichi nyingi za kila siku au vidonge vya kitunguu saumu. Anayetumia warfarini, dawa ya kuzuia damu kuganda, asivitumie bila ruhusa ya daktari. Anayetarajia kufanyiwa upasuaji au kung'olewa jino amweleze tabibu mapema, na kwa kawaida huambiwa aache kutumia kwa wingi angalau wiki moja kabla. Wala usiiache aspirini kwa uamuzi wako mwenyewe baada ya kusoma haya, kwani yawezekana uliandikiwa kwa sababu ya moyo.

Tena, tazama chai unazokunywa. Urukususu, ule mzizi mtamu unaotiwa katika michanganyiko mingi ya kikohozi, hupandisha presha na kushusha potasiamu ukitumiwa mfululizo, na mwenye presha anapaswa kuuepuka.

Swali: Jino linaniuma na nimeambiwa nitie mafuta ya karafuu. Je, ni salama?
*Msomaji mwenye maumivu*

Jibu: Ni salama kwa mtu mzima, kwa muda mfupi. Karafuu ina eujenoli, ambayo hutia ganzi, na madaktari wa meno nao huitumia katika baadhi ya dawa zao. Chovya ncha ya pamba katika tone moja la mafuta, ugusishe palipotoboka bila kumwagia ufizi, kwani huunguza. Watoto wasipakwe, na chupa iwekwe mbali nao, maana kiasi kidogo kikimezwa huweza kuharibu ini lao. Ganzi hiyo haiui usaha ulio chini ya jino. Ukivimba shavu au ukipata homa, usingoje zamu yako ya miadi.

Swali: Nina ujauzito wa wiki tisa na kichefuchefu hakiniachi. Natamani kutumia tangawizi, lakini jirani anasema inatoa mimba. Vilevile nimepewa majani ya mwarobaini nichemshe kwa ajili ya kusafisha damu.
*Mjamzito wa kwanza*

Jibu: Mama mtarajiwa, hongera. Tangawizi ni miongoni mwa mimea iliyochunguzwa vizuri zaidi kwa wajawazito, na kwa kiasi cha gramu 1 ya unga wake kwa siku, ambayo ni kama nusu kijiko cha chai, imeonekana kupunguza kichefuchefu bila kuongeza kuharibika kwa mimba. Gawanya kiasi hicho mara tatu au nne, utie katika maji ya moto, na unywe polepole kabla tumbo halijawa tupu kabisa. Usizidishe kwa kudhani kwamba kingi kitafanya kazi haraka, kitakuletea kiungulia. Ukifika mahali ambapo hata maji hayakai tumboni, mkojo umekuwa wa rangi nzito na uzito unapungua, hali hiyo huhitaji dripu, nayo tangawizi haiwezi kuitibu.

Mwarobaini uache kabisa. Katika majaribio ya wanyama umeonekana kuharibu mimba, na mafuta yake yamewahi kusababisha degedege na madhara mabaya ya ubongo kwa watoto wachanga waliopewa. Damu yako husafishwa na ini na figo saa 24 na haihitaji majani. Naomba pia, itakapokaribia siku ya kujifungua, usikubali dawa yoyote ya mitishamba ya kuharakisha uchungu. Baadhi ya mimea hiyo hubana mfuko wa uzazi kwa nguvu isiyopimika, mtoto akakosa hewa au mfuko ukapasuka, na mkunga asiyejua ulichokunywa atahangaika kutafuta chanzo huku dakika zikipotea.

Swali: Nimepewa majani makavu ya artemisia. Aliyenipa anasema ndiyo yanayotengenezewa dawa mseto ya malaria, hivyo chai yake inatosha. Kwa nini nimeze vidonge?
*Mpenda tiba asilia*

Jibu: Kuhusu asili ya dawa, ndugu yangu, aliyekuambia amesema kweli. Mwanasayansi wa China, Tu Youyou, alipotafuta dawa ya malaria katika maandishi ya kale ya tiba, alikuta maelekezo ya tabibu Ge Hong wa karne ya 4, yanayosema mmea huo uloweshwe katika maji, ukamuliwe, na maji yake yanywewe. Hayakutaja kuchemsha. Alihisi kwamba joto ndilo lililokuwa likiharibu dawa, akatumia etha, kimiminika ambacho huchemka kwenye nyuzi joto takriban 35 tu, na mwaka 1972 kundi lake likaitenga artemisinini, yaani kile kiambata chenyewe kinachoua vimelea vya malaria. Mwaka 2015 alipewa Tuzo ya Nobel ya Tiba.

Lakini tazama kilichofuata baada ya ugunduzi huo. Artemisinini huyeyuka kwa shida katika maji, kwa hiyo chai hubeba kiasi kidogo, na kiasi hicho hubadilika kulingana na aina ya mmea, majira ya kuvuna na jinsi ulivyokaushwa. Artemisia afra, mmea mwingine unaofanana kwa jina na ule wa dawa (Artemisia annua), ina artemisinini kidogo mno au haina kabisa. Katika majaribio ya chai hiyo wagonjwa wengi walipata nafuu siku za mwanzo, kisha vimelea vikarudi ndani ya wiki chache. Mgonjwa akiona homa imeshuka huamini amepona, na hapo ndipo penye hatari, kwani malaria kali huweza kumuua mtoto ndani ya siku moja au mbili.

Dawa mseto imeitwa mseto kwa sababu ina dawa zaidi ya moja. Ile ya jamii ya artemisinini huua vimelea vingi kwa kasi na kutoka mwilini baada ya saa chache, na mwenzake hubaki kwa siku nyingi akimalizia vilivyosalia. Chai haina mwenzake huyo, na kuvigusisha vimelea dozi hafifu ni kuvifundisha usugu dhidi ya dawa ambayo sote tunaitegemea. Shirika la Afya Duniani haliungi mkono matumizi ya majani ya artemisia, kwa sura yoyote ile, kutibu au kukinga malaria, nami nakubaliana nalo kabisa. Ukipata homa, pimwa damu, na ukikutwa na malaria umalize dozi.

Swali: Nikiungua na mafuta ya moto, nipake alovera?
*Mpishi wa nyumbani*

Jibu: Kwanza maji safi yanayotiririka, ya baridi ya kawaida na si barafu, kwa dakika 20. Jeraha likiwa dogo na ngozi haijachubuka, baada ya hapo unaweza kupaka ute wa jani la mshubiri. Ulikate jani na kulisimamisha kwanza ili utomvu wa manjano unaotoka chini ya ganda uchuruzike wote. Huo huwasha ngozi, na ukinywewa huharisha vibaya. Malengelenge makubwa, jeraha la usoni, mikononi au sehemu za siri, na kuungua kokote kwa mtoto mdogo ni kazi ya hospitali.

Swali: Nimeuziwa unga wa mitishamba wa maumivu ya viungo, katika pakiti isiyo na maandishi. Magoti yaliacha kuuma siku ya pili. Nimeutumia miezi mitano, nimenenepa uso, nina hamu kubwa ya kula, na nikikosa siku mbili nadhoofika kabisa. Je, ni nguvu ya mitishamba?
*Mama mwenye magoti*

Jibu: Mama yangu, barua yako ndiyo iliyonifanya niandike haraka. Ni nadra mmea kuondoa maumivu ya viungo kwa siku mbili. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimekuta bidhaa zinazoitwa za asili zikiwa zimechanganywa kwa siri na dawa za viwandani, na katika zile za viungo hukutwa mara nyingi steroidi, yaani dawa kali za jamii ya homoni zinazotuliza uvimbe, kama deksamethasoni, au dawa za maumivu kama diklofenaki. Uso kujaa, njaa isiyoisha na kudhoofika ukiukosa unga ni dalili ambazo steroidi huleta.

Usiongeze kiasi, wala usiuache ghafla kwa uamuzi wako. Steroidi ikitumika kwa miezi, tezi zilizo juu ya figo hupunguza kutengeneza homoni yake ya asili, na mtu akikatisha kwa mkupuo huweza kuanguka kwa presha kushuka. Nenda kwa daktari kesho ukiwa na pakiti yenyewe, umweleze unatumia kiasi gani na tangu lini, umwombe akupime presha, sukari na figo, na apange namna ya kukupunguzia hatua kwa hatua. Kabla ya hapo ukitapika, ukiishiwa nguvu au kuzimia, nenda hospitali saa hiyohiyo, na anayekusindikiza aubebe unga huo na kumwonyesha wa kwanza atakayewapokea.