Mtu mmoja, majina matatu: kumpa mwanamichezo wa zamani jina la makala

Ukianzisha ukurasa mpya kwenye Wikipedia ya Kiswahili, kitu cha kwanza unachoulizwa ni jina la makala. Ndiyo maana wageni wengi huliandika haraka haraka ili waingie kwenye maandishi yenyewe. Kwa Kipchoge Keino hakuna tatizo, kila mtu anamjua. Lakini kwa mtu aliyekimbia zaidi ya miaka mia moja iliyopita, akatajwa mistari miwili mitatu katika orodha ya matokeo, kulipata jina ni nusu ya kazi. Ushauri wangu kwako unayeanza: andika kwanza kwenye ukurasa wako wa majaribio, soma vyanzo mpaka umjue mtu wako, na jina liamue mwisho.

Hilo nililijua kupitia marathoni ya Olimpiki ya St. Louis, Marekani, tarehe 30 Agosti 1904. Walianza wakimbiaji 32, wakamaliza 14, kwenye joto kali na vumbi la barabara. Kati ya waliomaliza walikuwemo Watswana wawili wa Afrika Kusini, mmoja wa 9 na mwingine wa 12. Ndio Waafrika weusi wa kwanza kushiriki Olimpiki. Hawakupelekwa na timu ya taifa. Walikuwa mjini humo kwa ajili ya maonyesho makubwa ya dunia ya mwaka ule, ambako vita vya Waingereza na Makaburu viliigizwa mbele ya watazamaji. Orodha za matokeo ziliwaita Lentauw na Yamasani. Nami nikaanzisha makala mbili, Lentauw na Yamasani, nikahifadhi na kuendelea na mambo mengine.

Wiki chache baadaye nikakutana na Len Taunyane na Jan Mashiani, nao wakimbiaji wa 1904, nao kutoka Afrika Kusini. Nikadhani nimegundua wengine wawili. Nilikuwa karibu kuanzisha makala ya tatu nilipoona kuwa nafasi zao ni zilezile, ya 9 na ya 12.

Sasa yasome majina hayo kwa sauti, taratibu. Jan kwa Kiafrikana hutamkwa Yan. Sema “Yan Mashiani” haraka haraka mbele ya karani ambaye hajawahi kusikia jina la Kitswana, na utaona Yamasani inavyozaliwa. Sema “Len Tau” na utasikia Lentauw. Kwa Kitswana tau ni simba, na kiishio cha Taunyane hudogosha, kama sisi tunavyosema kisimba. Kumbe lile neno moja lililoonekana geni kabisa lilikuwa jina la kwanza na jina la ukoo yakiwa yamegandana. Tangu siku hiyo jina lolote la zamani linalonitatiza nalitamka kwanza, kisha natafuta msemaji wa lugha husika anisaidie kulisikia. Ukitazama herufi peke yake hutapata kitu.

Katika kesi hiyo uamuzi ulikuwa rahisi, kwa sababu watafiti wa sasa wanatumia Len Taunyane na Jan Mashiani, na hayo ndiyo yaliyo karibu na majina yao wenyewe. Vyanzo vizuri vikikubaliana na jina la mhusika, chukua hilo bila kusita. Ugumu unakuja vinapoachana.

Chukua Alain Mimoun, aliyeshinda marathoni ya Melbourne mwaka 1956 kwa rangi za Ufaransa. Alizaliwa Algeria akiitwa Ali Mimoun. Mhariri mwenye moyo mzuri anaweza kusema tumrudishie jina lake la kuzaliwa, na ninamwelewa. Lakini mtu huyu alikimbia akiitwa Alain, akaishi akiitwa Alain mpaka alipofariki mwaka 2013. Lentauw ni jina lililobandikwa na wengine, mwenyewe hakuwa na la kusema. Alain ni jina alilolibeba mwenyewe mpaka mwisho. Makala iitwe Alain Mimoun, na jina la Ali liandikwe wazi katika sentensi ya kwanza, lisifichwe chini kwenye aya ya tano.

Ethiopia nayo ina somo lake. Mshindi wa marathoni ya Roma 1960 ni Abebe, mwana wa Bikila. Wahabeshi hawana jina la ukoo kwa mtindo wa Kizungu. Jina la pili ni la baba. Ukikuta mahali pameandikwa “Bikila Abebe”, usidhani ni mtu mwingine, na ndani ya makala mwite Abebe. Ukimwita Bikila tu, umemtaja baba yake. Hata kwenye jamii, yaani makundi ya makala za aina moja, mpange kwenye herufi A. Sisi wa Afrika Mashariki tunapaswa kuliona hili upesi, kwa kuwa wengi wetu jina letu la pili ni la baba vilevile.

Halafu kuna kishawishi cha kurekebisha. Kenya ilishinda dhahabu ya kupokezana vijiti mita 400 mara 4 huko Munich mwaka 1972, na mmoja wa wale wanne ni Hezahiah Nyamau. Mkono unawasha kuandika Hezekia, kama ilivyo kwenye Biblia ya Kiswahili. Usifanye hivyo. Ni kweli kwamba mapapa tunawaita kwa Kiswahili, Papa Yohane Paulo II, kwa kuwa Kanisa lenyewe linawaita hivyo, lakini John Stephen Akhwari hawezi kuwa Yohana Stefano. Wala usimpunguze awe John Akhwari ili aenee kwenye majina mawili. Watanzania wanamkumbuka kwa majina yote matatu, yule aliyeingia uwanjani Mexico City mwaka 1968 akichechemea, mguu umefungwa bandeji, zaidi ya saa moja baada ya Mamo Wolde wa Ethiopia kushinda marathoni. Jina linalotamkwa na watu wake ndilo jina la makala.

Timu hiyohiyo ya Munich inatuletea jambo la mabano, ambalo wageni wengi wanalikosea. Mwingine kati ya wale wanne aliitwa Robert Ouko. Mkenya akisikia Robert Ouko anamkumbuka waziri wa mambo ya nje aliyeuawa mwaka 1990, na makala yenye jina hilo tupu inamhusu yeye. Mkimbiaji basi anakuwa Robert Ouko (mwanariadha). Neno la mabano liwe moja, liwe kazi yake, lianze kwa herufi ndogo. Nimewahi kuona “(mkimbiaji maarufu wa Kenya)” na “(mshindi wa dhahabu)”. Hizo ni sifa, na sifa mahali pake ni ndani ya makala. Kama wenye jina moja wote ni wanariadha, ongeza mwaka wa kuzaliwa. Na kama hakuna mwingine mwenye jina hilo, usiweke mabano kabisa. Wageni huyaweka kwa tahadhari, kisha viungo vyote vya makala nyingine vinakosa pa kwenda. Kwa sababu hiyohiyo acha Mzee, Hayati, Sajenti na Bingwa nje ya jina. Tunawaheshimu kwa kuandika vizuri walichofanya.

Kuhusu ushahidi, nakuomba uwe mkali. Usihesabu tovuti. Tovuti kumi zilizonakili orodha moja yenye kosa bado ni shahidi mmoja. Mimi huanza na Olympedia, tovuti ya kumbukumbu za wanamichezo wa Olimpiki, ambayo hutenganisha jina kamili la mwanamichezo na jina alilotumia, kisha natafuta gazeti la nchi yake mwenyewe. Kwa mtu kama Seraphino Antao, kijana wa Mombasa mwenye asili ya Goa aliyeshinda yadi 100 na yadi 220 katika michezo ya Jumuiya ya Madola ya Perth mwaka 1962, gazeti la Kenya lina uzito kuliko kitabu cha takwimu kilichochapwa mbali. Wapo wanaomwandika Serafino. Kifonetiki hawajakosea, ila jina lake lina ph.

Na wapo ambao jina lao halipo kabisa. Olimpiki ya Paris 1900, wapiga makasia wawili wa Uholanzi, François Brandt na Roelof Klein, waliona nahodha wao ni mzito mno, wakamchukua mtoto wa Kifaransa aelekeze mtumbwi kwenye fainali. Wakashinda. Mtoto akapigwa picha pamoja nao, na hadi leo hajulikani ni nani. Hapo usibuni, wala usichukue jina la kukisia kutoka mtandaoni. Toa jina la maelezo la Kiswahili cha kawaida, fupi, linaloeleweka na asiyejua habari yenyewe: “Nahodha Mfaransa asiyejulikana wa Olimpiki 1900”. Ni refu kidogo, lakini ni kweli.

Ukishaamua, kazi bado haijaisha. Tengeneza kurasa za kuelekeza, yaani zinazompeleka msomaji moja kwa moja kwenye makala yenyewe, kutoka kila tahajia uliyokutana nayo, hata zile unazojua ni makosa, hasa hizo. Fungua ukurasa wa majadiliano uandike mistari mitatu: uliona majina gani, wapi, na kwa nini ulichagua hili. Usipofanya hivyo, atakuja mwenzio mwakani mwenye orodha ya zamani mkononi, atahamisha makala kwa nia njema kabisa, na ubishi utaanza upya. Ukikuta makala mbili za mtu mmoja, usifute maandishi ya mwenzako. Unganisha, na ukishindwa waombe wakabidhi, yaani wasimamizi wa Wikipedia.

Zile makala zangu mbili nilizihamisha jioni ileile. Kurasa za Lentauw na Yamasani sikuzifuta. Mwanafunzi akiokota kitabu cha zamani cha Olimpiki na kuandika Yamasani kwenye kisanduku cha kutafutia, ukurasa unaofunguka una jina la Jan Mashiani.